Sinema za chuma chakavu: Isaac Nabwana wa Wakaliga na hesabu ya nani analipwa

Anayetoka stendi ya Nyabugogo kuelekea mpaka wa Gatuna hupita Gatsata kabla ya kuuacha mji wa Kigali. Hapa ndipo magari yanapoletwa kutibiwa. Gereji na maduka ya vipuri yamepangana kando ya barabara, milango ya magari imeegemezwa ukutani, na mafundi wa kuchomelea wanafanya kazi cheche zikiruka mchana kweupe. Gari lililoshindikana linafunguliwa kipande kwa kipande, na kila kipande kinapata mnunuzi. Msomaji anayesafirisha mizigo kati ya Kigali, Kabale na Kampala hahitaji kuelezwa zaidi. Siku gari linapogoma, Gatsata ndiko simu ya kwanza inakopigwa.

Tumeanzia gerejini kwa sababu msanii tunayemzungumzia leo ametoka katika ulimwengu huohuo wa chuma chakavu na kompyuta za mtumba, ng'ambo ya pili ya mpaka. Ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana wa Kampala, ambaye wapenzi wa sinema wanamwita Nabwana IGG. Mtaa wake ni Wakaliga, na studio aliyoijenga nyumbani kwake imepewa jina la Wakaliwood. Mwaka 2022 kundi lake lilialikwa Kassel, Ujerumani, kuonyesha kazi katika documenta, maonyesho ya sanaa ya kisasa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano na kuhesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani.

Habari ya mtu wa mtaani aliyefika Ulaya hupendeza masikioni, na huishia hapo. Sisi tunaoishi kwa kuvusha bidhaa tuna swali jingine. Video za Nabwana zimevuka mipaka ya dunia nzima. Je, fedha nazo zilivuka kurudi?

Mtoto aliyesimuliwa sinema

Nabwana alizaliwa mwaka 1973, Idi Amin akiwa madarakani. Utoto wake ulipita katika miaka ya misukosuko ya Uganda, na hakukulia katika majumba ya sinema. Kaka zake ndio waliokwenda kutazama, na waliporudi walimsimulia: nani alipigwa teke, nani aliruka kutoka ghorofani, nani alikufa mwishoni. Majina kama Chuck Norris, Bud Spencer na Terence Hill aliyafahamu kwa masikio kabla hajayaona kwa macho. Picha zenyewe alijichorea kichwani.

Jambo hili halitamshangaza mtu wa ukanda wetu. Watu wengi wa rika lake, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, waliijua sinema kupitia mdomo wa mtu mwingine. Vibanda vya video vilipoenea, vikiwa na televisheni moja, deki moja na mabenchi ya mbao, filamu zilizoingia zilikuwa za Hong Kong, India na Marekani, kwa lugha ambazo watazamaji wengi hawakuzielewa. Ndipo akazaliwa msimulizi. Alikaa karibu na televisheni, akashika kipaza sauti, akaeleza hadithi kwa lugha ya watu wake, akiongeza vichekesho, methali na hata umbeya wa mtaani.

Uganda walimwita VJ, yaani mchekeshaji wa video. Kenya watazamaji wanamjua DJ Afro. Tanzania jina la Lufufu halijasahaulika. Hapa Rwanda kazi hiyo inaitwa agasobanuye, neno linalotokana na kitenzi cha Kinyarwanda chenye maana ya kufafanua, na aliyeipatia umaarufu kuliko wengine ni Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, aliyefariki dunia nchini Afrika Kusini mwaka 2022. Sauti ya Yanga ilisikika katika vibanda na mabasi, na nakala za kazi yake ziliuzwa mkononi kama karanga.

Mfanyabiashara ataielewa kazi hiyo upesi. Mahindi ni ya shambani, unga ni wa mashine. Filamu ya Hong Kong ilipotua Nyabugogo ilikuwa mahindi tu, na msimulizi ndiye aliyeisaga ikawa chakula ambacho mtu wa hapa angeweza kumeza. Tofauti ni moja: mwenye mashine hununua mahindi au hulipwa na mwenye mahindi. Katika biashara ya vibanda, aliyetengeneza filamu Hong Kong hakuonekana popote kwenye hesabu. Soko letu la video lilijengwa juu ya bidhaa ambayo mwenyewe hakulipwa. Tuliweke hilo akilini, kwa maana litarudi.

Matofali, kompyuta na majina ya bibi wawili

Kabla ya kamera, Nabwana alifyatua matofali. Fedha ya matofali ndiyo iliyompa mtaji. Alipata mafunzo mafupi ya ufundi wa kompyuta, na mengine akajifundisha mwenyewe: namna ya kuunganisha mashine kutokana na vipande vya zile zilizokufa, na namna ya kuhariri picha juu ya mashine hizo. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions. Jina Ramon limeundwa kwa majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Mke wake, Harriet Nakasujja, ni mshirika wake katika kuiendesha kampuni hiyo, na nyumba yao ikawa ofisi, stoo na uwanja wa kupigia picha kwa wakati mmoja.

Wakaliga ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, na mvua ikinyesha sana maji huingia majumbani. Umeme hukatika, na ukirudi huja kwa kishindo. Katika hali hiyo Nabwana alichagua aina ya filamu ambayo hata studio tajiri huiona ghali: filamu za mapigano, zenye bunduki, helikopta na majengo yanayolipuka.

Hapo ndipo mafundi wa Gatsata wangemtambua ndugu yao. Bunduki za Wakaliwood zinachomelewa kutokana na chuma chakavu na mabomba. Mtengenezaji wake mkuu, Bisaso Dauda, ni fundi na pia mwigizaji, na aliunda hata umbo la helikopta kwa vyuma vilivyookotwa. Jeki ya gari iligeuzwa kuwa stendi ya kamera. Kitambaa cha kijani kilichonunuliwa sokoni kilitandazwa ukutani ili baadaye, ndani ya kompyuta, nyuma ya mwigizaji uonekane mji wa Kampala ukiwaka moto. Damu ya kuigiza mwanzoni ilikuwa damu halisi ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja alipougua homa inayotoka kwa mifugo, na tangu hapo ikatumika rangi ya chakula. Damu hiyo ilijazwa ndani ya kondomu, ikafungwa kifuani kwa mwigizaji kwa uzi wa kuvulia samaki, na uzi ukivutwa, mtu "amepigwa risasi".

Waigizaji hawakuwa na mishahara. Walikuwa majirani, mafundi, vijana wa karate na watoto wa mtaa waliojitolea. Watoto walifundishwa mapigano ya kungfu na kuunda kundi lao, Waka Starz, ambalo lina wafuasi wake mtandaoni.

Kapteni Alex na bajeti ya mkoba mmoja

Mwaka 2010 Nabwana alitoa filamu iliyobadilisha maisha yake, "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?". Kapteni wa jeshi anapambana na genge linaloitwa Tiger Mafia. Anauawa, na ndugu yake, bingwa wa kungfu, anaingia kutafuta kisasi. Gharama yake imetajwa mara nyingi kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Ni fedha ambayo mama anayevusha vitenge Gatuna anaweza kuwa nayo ndani ya mkoba mmoja.

Kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa YouTube mwezi Januari 2010. Kilikuwa kitangazo kidogo kwa ajili ya watu wa Uganda, lakini kilirukia ng'ambo na kusambazwa na watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Wakaliga. Mmoja wao, Mmarekani Alan Hofmanis wa New York, alipoonyeshwa kionjo hicho alipanda ndege mwishoni mwa 2011 kumtafuta Nabwana. Baadaye alihamia Kampala, akawa mshirika na pia mwigizaji. Urafiki wao, pamoja na mivutano yake, umeonyeshwa katika filamu ya maisha halisi "Once Upon a Time in Uganda" ya mwaka 2021.

Filamu nzima ya Kapteni Alex iliwekwa mtandaoni na Wakaliwood wenyewe mwaka 2015, ikiwa na sauti ya msimulizi VJ Emmie kwa Kiingereza cha Kampala. Imetazamwa na mamilioni. Watazamaji wa Ulaya na Marekani, ambao hawakuwahi kuingia kwenye kibanda cha video, walikutana kwa mara ya kwanza na mtu anayepiga kelele juu ya filamu, anayemsifu shujaa, anayewacheka wahalifu na kuinadi Uganda kila baada ya dakika mbili. Kwao kilikuwa kitu kipya kabisa. Kwetu ilikuwa sauti ya jioni ya Jumamosi.

Mchango wa Nabwana uko hapo. Wasimulizi wengine walisimulia filamu za watu. Yeye alitengeneza filamu ambayo msimulizi ni sehemu ya mwili wake. Kile kilichoanza kama dawa ya kutoelewa lugha alikifanya kuwa mtindo wa sanaa, na mtindo huo ukisikika popote, mtu anajua umetoka Afrika Mashariki.

Siku saba za kuuza

Sasa tuje kwenye duka. Kabla ya mtandao kuleta chochote, Wakaliwood waliishi kwa kuuza diski. Filamu ikikamilika, waigizaji walichukua nakala na kuingia mitaani, nyumba kwa nyumba, wakati mwingine wakiwa wamevaa mavazi ya filamu ili mteja aone kwamba anauziwa na shujaa mwenyewe. Nusu ya bei ilibaki kwa muuzaji. Huo ndio ulikuwa mshahara wao.

Hesabu hiyo ilikuwa na adui mmoja, nao ni muda. Walikuwa na takriban wiki moja. Baada ya hapo nakala za wizi zilikuwa zimeshaenea, zikiuzwa kwa bei ya chini na watu ambao hawakulipia hata rangi ya damu. Kila filamu ilikuwa kama mzigo wa nyanya: usipouza wiki hii, umeoza mkononi mwako, ila hapa anayekuozeshea ni jirani mwenye kompyuta.

Mojawapo ya filamu zake za mwanzo inaitwa "Tebaatusasula". Anayejua Kiganda ataelewa bila kuelezwa: "Hawakutulipa". Mwaka 2015 Wakaliwood waliomba mchango kwenye mtandao wa Kickstarter ili kutengeneza nyingine yenye jina hilohilo. Waliomba dola 160. Wachangiaji kutoka nchi mbalimbali walitoa zaidi ya dola 13,000. Tuitazame hesabu hii kwa jicho la soko. Watu waliokuwa wameiona kazi yao bure mtandaoni walilipa zaidi ya mara 80 ya kilichoombwa, mara tu walipoonyeshwa mlango wa kulipia. Walaji walikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni kaunta.

Kuna hasara nyingine ambayo haikuletwa na maharamia. Faili za awali za Kapteni Alex hazipo tena. Nabwana alilazimika kuzifuta ili kupata nafasi kwenye kompyuta ya kuhariria filamu iliyofuata. Filamu inayotazamwa leo na dunia ni ile iliyosalia yenye sauti ya msimulizi. Isiyo na msimulizi imepotea. Mkulima akila mbegu kwa sababu ya njaa, hatumlaumu, lakini msimu ujao tunaona pengo. Mtu aliyekosa nafasi ya kutunza kazi yake kwa sababu diski ngumu ni ghali amekula mbegu.

Mzee wa Korea na televisheni kuukuu

Wako wanaouliza kama kazi ya Nabwana ni sanaa au ni mchezo wa watu wazima. Swali hilo lina umri mkubwa kuliko Wakaliwood.

Mtu anayehesabiwa kuwa baba wa sanaa ya video duniani ni Nam June Paik, aliyezaliwa Seoul mwaka 1932. Alisomea muziki, akaenda Ujerumani, na mwaka 1963 katika mji wa Wuppertal alifanya maonyesho yaliyokuwa na televisheni alizozichezea mpaka picha zikapinda. Mwaka 1965, akiwa New York, alipata mojawapo ya kamera za video za Sony zilizokuwa ndiyo kwanza zinaingia sokoni. Mwaka huohuo aliweka sumaku kubwa juu ya televisheni, na mistari ya mwanga ikacheza ndani ya kioo kama moshi. Baadaye alijenga maroboti kwa televisheni na redio za zamani, akiyapanga kama familia: babu, bibi, baba, mama na watoto. Siku ya kwanza ya mwaka 1984 alirusha kwa setilaiti kipindi kilichounganisha New York na Paris moja kwa moja. Alifariki mwaka 2006, na leo kazi zake ziko katika makumbusho makubwa.

Paik alitambua mapema kwamba kifaa cha kutazamia kinaweza kufunguliwa, kupindwa na kufanywa kisema jambo ambalo kiwanda hakikulikusudia. Fundi wa Gatsata anayelifanya boneti la gari moja likae juu ya gari jingine anaishi kwa wazo hilo kila siku. Nabwana naye alilifikia kwa njia ya ufukara: kompyuta zilizounganishwa kwa vipande, jeki inayobeba kamera, na sauti ya mtu juu ya picha ya mwingine. Paik alikuwa na chaguo la kununua kipya. Nabwana hakuwa nalo. Matokeo, hata hivyo, ni ndugu.

Documenta ya mwaka 2022 iliandaliwa na kundi la wasanii wa Indonesia liitwalo ruangrupa, nao walijenga maonyesho juu ya neno lumbung, ghala la mpunga ambamo kijiji huweka ziada yake kwa matumizi ya wote. Kwa fikra hiyo, hawakutafuta msanii mmoja mwenye jina kubwa. Walialika makundi yanayofanya kazi kwa kushirikiana. Kutoka Kampala lilikwenda kundi la Wakaliga Uganda, na filamu yao "Football Kommando" ikaonyeshwa Kassel kuanzia Juni hadi Septemba. Walioingia waliona vita vya mtaa wa Wakaliga katika mji wa Ujerumani, na walicheka palepale ambapo watoto wa Kampala hucheka.

Filamu ilipita, unga ulibaki

Tukumbuke sasa yaliyotokea njiani. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Msomaji wetu anaijua miaka hiyo kwa hasara ya mfukoni: magari yaliyozungukia mipaka mingine, wateja waliopotea, madeni yaliyokwama upande wa pili.

Septemba 2019, mpaka ukiwa umefungwa, filamu ya Nabwana iitwayo "Crazy World" ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto, Kanada. Kazi ya mikono ya Kampala ilifika Toronto wakati mfuko wa unga kutoka Kabale haukuweza kufika Gatsata, safari ya chini ya nusu siku. Wakati huohuo kijana yeyote wa Gatsata mwenye simu na vocha ya intaneti aliweza kumwona Kapteni Alex, kizuizi au hakuna kizuizi.

Video, basi, ni bidhaa ya pekee ya mpakani. Haipimwi kwenye mizani, haiozi, haihitaji lori, na forodha hawaioni ikipita. Kwa mvushaji hilo ni neema. Kwa mtengenezaji ni balaa, kwa sababu kisichopita dirishani pa kulipia hakiachi kitu. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 anao utaratibu wa cheti rahisi cha uasili, na kama bidhaa iko kwenye orodha, anavuka bila ushuru wa forodha. Mzigo una karatasi inayosema umetoka wapi na nani mwenyewe. Filamu iliyomo ndani ya flashi haina karatasi hiyo.

Sheria hazikukosekana. Uganda ilitunga sheria ya hakimiliki na haki zinazohusiana nayo mwaka 2006. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda mali za ubunifu mwaka 2009. Kenya ina bodi yake ya hakimiliki, KECOBO, na Tanzania ina COSOTA. Tatizo ni kwamba kila ofisi inaishia mpakani. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 na itifaki ya Soko la Pamoja mwaka 2010, lakini msanii wa Kampala anayetaka kudai haki yake Kigali, Nairobi, Dar es Salaam na Goma anabisha milango tofauti, kwa fomu tofauti, akiwa na mtaji wa dola 200. Nauli peke yake itammaliza.

Nafasi iliyo wazi

Si lazima tungojee mkutano wa marais. Katika biashara hii kuna watu wa kati, na wengi wao ni wasomaji wa gazeti hili au ndugu zao: vijana wanaojaza filamu kwenye memori na flashi karibu na stendi, wenye vibanda vya kutazamia mpira na sinema, wenye mabasi ya usiku yanayowasha televisheni Nyabugogo na kuizima Kampala. Hao wana wateja. Wana pia kitu ambacho Wakaliwood walihitaji na hawakuwa nacho nje ya mtaa wao, yaani mtandao wa kuuzia.

Mfumo wenyewe Nabwana alishaujaribu. Nusu kwa muuzaji, nusu kwa watengenezaji, na muuzaji anajulikana kwa sura. Ni mkataba ambao muuza vitenge anauelewa bila wakili. Kijana wa Gatsata anayejaza filamu kwenye simu za watu anaweza kuwa wakala wa filamu za Kampala, Bujumbura au Kigali yenyewe kwa mfumo huohuo, akiwa na nakala halali na namba ya simu ya kutumia fedha. Kutuma fedha kwa simu si muujiza tena katika ukanda huu. Tofauti kati ya wakala na mwizi ni ujumbe mmoja wa simu unaosema fedha zimepokelewa.

Rwanda nayo ina mbegu zake. Eric Kabera alishiriki kutengeneza "100 Days" mwaka 2001, filamu ya kwanza ndefu ya kuigiza kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na baadaye akaanzisha tamasha la filamu lililopewa jina la Hillywood, ambalo lilizunguka vilimani na skrini kubwa na kuonyesha filamu kwa lugha ya Kinyarwanda. Wasimulizi wa agasobanuye wanaendelea kupata wafuasi kwenye simu. Wote hao watakutana na wiki moja ya Nabwana: siku saba za kuuza, kisha kimya.

Tuseme pia ukweli ulio mchungu. Sisi wa kizazi cha vibanda tulilelewa na filamu ambazo hatukulipia, na msimulizi tuliyempenda naye hakuzilipia. Wakati ule mwenye mali alikuwa mbali, Hong Kong au Hollywood, na alikuwa tajiri, hivyo dhamiri haikuuma. Leo mwenye mali anaweza kuwa kijana wa Wakaliga aliyefyatua matofali, au binti wa Gatsata anayejifunza kuhariri kwenye kompyuta ya mtumba. Tabia ni ileile, ila sasa tunamla ndugu.

Nabwana bado anafanya kazi Wakaliga. Hakuhama baada ya Toronto wala baada ya Kassel. Wageni kutoka nchi za mbali humfuata huko na baadhi yao huomba wauawe katika filamu, wakalala kwenye vumbi na rangi nyekundu vifuani na kuondoka wakiwa na furaha. Wanalipa nauli ya ndege ili wapate nafasi hiyo. Sisi nauli yetu ni ya basi la usiku mmoja, na filamu zake tunazo tayari mfukoni. Kwa hiyo siku kijana wa flashi atakapokuuliza ni filamu gani akujazie, nawe muulize swali la kibiashara unalomuuliza kila muuza mali: hii umeipata kwa nani, na yeye anapata ngapi?